Nani Anachunga Seva Yetu?

Mama mmoja wa Kamalondo, mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, alitusimulia maisha yake kwa muda wa saa mbili. Alitaja majina: la kapita aliyemwonea mumewe, la jirani waliyegombana naye mwaka 1992 wakati Wakasai walipokuwa wakifukuzwa Katanga, la mtoto aliyeondoka asirudi. Nilipozima kinasa sauti, aliniuliza: “Mwana yangu, hii maneno yote mutaichunga wapi?”

Nilimjibu upesi kwamba yatakaa kwenye seva, mahali salama. Akaridhika. Mimi ndiye niliyepaswa kutoridhika, kwa sababu nilitoa ahadi juu ya kitu nisichokijua. Miezi michache baadaye mtu aliingia katika seva ile. Makala hii inaeleza jinsi alivyoingia, na mambo ambayo kila mwanafunzi wa lugha anayehifadhi sauti za watu anapaswa kuyajua, hata kama hakusomea kompyuta.

Nianze na kitenzi cha mama yule. Pwani, neno kuchunga humkumbusha mtu kwanza mbuzi na ng'ombe malishoni. Hapa kwetu tunachunga falanga, tunachunga mtoto, tunachunga siri. Kote kuwili maana ya ndani ni moja: anayechunga hurudi kuangalia. Mbuzi hawachungwi kwa kufunga zizi mara moja na kwenda safari. Seva nayo ni hivyo, na hilo ndilo nililolikosa.

Seva ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ni kukaa macho usiku na mchana ikingoja kuhudumia kompyuta nyingine. Nyingi huendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mfumo huu ni wa bure na msimbo wake uko wazi kusomwa na yeyote. Una matoleo mengi. Sisi tulitumia Ubuntu, jina lililotolewa katika lugha za Kinguni ambalo Mluba atalitambua mara moja katika bumuntu, na Mswahili katika utu.

Hapo mwanzo seva yetu ilikuwa mashine iliyowekwa chini ya meza. Umeme wa Lubumbashi tunaujua. Kila ulipokatika, mashine ilizimika ghafla, na siku moja diski ikagoma kusoma. Ndipo tukaamua kuhamia kwenye wingu. Neno hilo linapendeza, lakini lisitudanganye. Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine, iliyo katika jengo la mtu mwingine, ambayo wewe unakodi sehemu yake. Kampuni kubwa za kazi hiyo zilifungua vituo Afrika Kusini: Microsoft mwaka 2019, Amazon huko Cape Town mwaka 2020, Google huko Johannesburg mwaka 2024.

Kwa wanaosoma Kiswahili cha Katanga, kuhifadhi maneno yetu ugenini si jambo geni. Ile historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 ilijulikana sana kati ya watafiti kupitia kazi ya Johannes Fabian, na maandishi yake yakawekwa kwenye hazina ya Kiswahili cha watu iliyokuwa kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Amsterdam. Faida yake tumeiona: mwanafunzi wa hapa aliweza kuyasoma bila kupanda ndege. Lakini kila kilicho ugenini kina mwenyeji anayekichunga, na ni lazima tujue ni nani.

Unapokodi wingu, kazi inagawanywa. Mwenye jengo anachunga jengo, umeme, diski na waya. Wewe unachunga ulichokiweka ndani: programu, akaunti za watu, funguo na ruhusa. Ni kama kupanga nyumba. Mwenye nyumba anatengeneza paa, lakini ukilala na mlango wazi, hutamlaumu yeye. Mimi niliamini kwamba kulipa kodi ya kila mwezi kulitosha.

Asubuhi moja ya wakati wa mvua niliona seva inakwenda polepole mno. Nilipotazama orodha ya programu zinazofanya kazi, nikakuta moja yenye jina la ajabu imeshika karibu nguvu yote ya mashine. Ilikuwa ikichimba sarafu za kidijiti kwa faida ya mtu nisiyemjua. Katika mji wa wachimbaji, nasi tukachimbwa.

Aliingia wapi? Katika Ubuntu, majaribio ya kuingia huandikwa kwenye faili /var/log/auth.log. Nilikuwa sijawahi kuifungua. Humo nilikuta mistari kwa mistari ya watu waliobisha hodi kwa majina ya kubahatisha: root, admin, test. Sisemi watu kwa hakika. Ni programu zinazozunguka intaneti nzima bila kuchoka, zikijaribu kila mlango zinaoukuta. Hakuna aliyetulenga sisi kwa sababu ya utafiti wetu. Mlango uliofunguka ulikuwa wa mwenzetu aliyekwisha kumaliza masomo na kuondoka. Akaunti yake ilibaki, na neno lake la siri lilikuwa jina lake likifuatwa na mwaka.

Nilitaka kufuta ile programu na kuendelea na kazi. Fundi aliyekuja kunisaidia alinikataza. Mwizi akishaingia ndani, alisema, huwezi kujua amechonga funguo ngapi. Tulijenga seva mpya kabisa, tukarudisha sauti kutoka kwenye nakala za zamani, tukabadilisha funguo zote. Hatukupoteza hata mahojiano moja.

Lakini lilibaki swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: je, yule aliyeingia alinakili chochote? Linux huweka juu ya kila faili ruhusa za namna tatu, yaani kusoma, kuandika na kuendesha, kwa watu wa aina tatu: mwenye faili, kikundi chake, na wengine wote. Mimi, kwa kuchoka kuulizwa na wenzangu kwa nini faili hazifunguki, nilikuwa nimetoa ruhusa zote kwa watu wote. Kwa hiyo akaunti ile iliyosahauliwa iliweza kusikiliza sauti ya mama wa Kamalondo tangu mwanzo hadi mwisho. Kosa hilo halikuwa la Linux wala la wingu. Lilikuwa langu.

Mtu asidhani kwamba usahaulifu ni ugonjwa wa wanafunzi tu. Kila nchi ina mkia wake katika majina ya intaneti, na mkia wa Kongo ni .cd. Kompyuta yako ikitafuta jina lenye mkia huo, huenda kuuliza njia kwa seva maalumu. Mwishoni mwa mwaka 2020, Fredrik Almroth, mmoja wa waanzilishi wa Detectify, kampuni ya usalama ya Sweden, aliona kwamba jina scpt-network.com, lililotumiwa na sehemu ya seva hizo, lilikuwa limeisha muda wake bila kulipiwa upya. Mtu yeyote duniani aliweza kulinunua. Almroth akalinunua yeye kabla mwovu hajalichukua, akawaarifu wahusika, na Januari 2021 akaeleza jambo hilo hadharani. Kwa makadirio yake, mwenye jina lile angeweza kupokea karibu nusu ya maswali ya watu wanaotafuta anwani za .cd, na kuwapeleka anakotaka yeye: kwenye benki ya bandia, kwenye barua pepe ya bandia. Hakuna kufuli lililovunjwa wala hesabu ngumu iliyopigwa. Tarehe moja tu ilipita.

Kutokana na hayo, haya ndiyo tunayoyafanya sasa. Hakuna hata moja linalohitaji shahada ya uhandisi.

La kwanza ni funguo. Tumezima kabisa kuingia kwa neno la siri, na badala yake tunatumia jozi ya funguo za SSH. Ufunguo wa wazi unakaa kwenye seva, na ule wa siri haotoki kwenye kompyuta ya mwenyewe. Programu inayobahatisha maneno haina tena cha kubahatisha. Hakuna anayeingia moja kwa moja kama root, yaani mwenye mamlaka yote. Kila mtu anaingia kwa jina lake, na anapohitaji mamlaka zaidi anayaomba kwa amri ya sudo, ambayo inaacha alama ya nani alifanya nini. Na ile akaunti yetu kwenye tovuti ya kampuni ya wingu, ambayo mwenye kuishika anaweza kufuta seva nzima, sasa inadai uthibitisho wa pili kwa simu.

La pili ni ruhusa. Anayeandika sauti kuwa maandishi anaona faili alizopewa tu. Rekodi zenye majina ya watu na mambo ya mwaka 1992 zimesimbwa, hata aliyeiba diski asisikie kitu.

La tatu ni milango. Seva ina milango mingi yenye namba, na kila programu husikiliza kwenye mlango wake. Tumefunga yote isipokuwa miwili tunayoihitaji: 22 wa kuingilia sisi na 443 wa tovuti.

La nne ni viraka. Kila mfumo hugunduliwa matundu, na wenye kuutengeneza hutoa viraka. Tumeiagiza seva ijiwekee viraka vya usalama yenyewe. Lakini viraka navyo vina mwisho. Ubuntu ya 18.04, kwa mfano, iliacha kupata viraka vya kawaida mwaka 2023. Anayeendelea nayo bila mpango mwingine anakaa katika nyumba ambayo fundi wake ameshahama.

La tano ni nakala. Kanuni ya mafundi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, na wateja waliokuwa wameweka kila kitu humo pasipo nakala walipoteza kazi yao. Wingu nalo huungua. Sisi wa Kongo tuongeze somo letu wenyewe. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa takriban siku 20. Aliyekuwa na nakala mbali tu hakuweza kuifikia kazi yake. Kwa hiyo nakala moja iwe mbali, na moja iwe hapa hapa, kwenye diski ndani ya kabati lenye kufuli. Tena, mara moja kila muhula tunachukua nakala na kuirudisha kwenye mashine tupu, tuone kama sauti inasikika. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu.

La sita ni dogo kuliko yote, na ndilo lililotuponza sisi pamoja na wale wa .cd. Tuna daftari la karatasi. Ndani yake tumeandika nani ana ufunguo, jina la tovuti linaisha muda lini, kodi inalipwa na nani. Mwanafunzi akitetea kazi yake ya mwisho, siku hiyo hiyo akaunti yake inafungwa. Hatumfungii kwa kumshuku, bali ili mlango wake usibaki wazi akiwa hayupo.

Mwaka 2023 nchi yetu ilipata Sheria ya Dijiti, na mojawapo ya mambo inayoyashughulikia ni ulinzi wa habari binafsi za watu. Ni vizuri watafiti wa lugha tuisome. Sisi hupenda kuziita rekodi zetu data au matini, na kwa kufanya hivyo tunasahau kwamba ni habari za mtu mwenye majirani.

Nilirudi Kamalondo. Nilimweleza yule mama kwamba mtu aliingia pale nilipomwambia ni salama, na kwamba sijui kama alimsikiliza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nifute sehemu inayomtaja jirani yake. Nikaifuta mbele yake kwenye kompyuta, na jioni ile nikaifuta kwenye seva na kwenye kila nakala. Kisha akauliza kama ile sehemu ya mumewe bado ipo. Nikamwambia ipo. “Basi hiyo muichunge muzuri,” akasema.

Mwaka huu namaliza masomo. Daftari liko kwenye kabati la idara, na ukurasa wake wa mwisho una nafasi ya jina la atakayenipokea. Anayetaka kujifunza kazi hii aje kabla ya mitihani. Siku nitakayotetea, akaunti yangu nayo itafungwa.