Vifaa vya kusikia sasa vyafunzwa kuchuja kelele

Kwa zaidi ya miaka mia moja vifaa hivi vilikuza kila sauti, hata ile isiyotakiwa. Akili bandia inaibadilisha hali hiyo, anaeleza MWANDISHI WETU

JE, nyumbani kwenu kuna mzee ambaye siku hizi hunyamaza watu wanapokusanyika? Mkiwa naye wawili mnazungumza vizuri. Lakini sebule ikijaa wageni, runinga ikivuma na watoto wakicheza, yeye hutabasamu na kutikisa kichwa tu, hata akiulizwa swali ambalo jibu lake si ndiyo wala la.

Wengi wetu husema mzee amechoka, au ameanza kununa. Wengine humpigia kelele kana kwamba wanagombana naye. Lakini huenda tatizo lake si uchovu wala hasira. Yawezekana masikio yake bado yanasikia sauti, ila hayawezi tena kuyatenga maneno na kelele.

Tatizo hilo ndilo limewasumbua watengenezaji wa vifaa vya kusaidia kusikia tangu walipoanza kazi hiyo. Katika miaka ya hivi karibuni wamepata msaidizi mpya, ile teknolojia ya kompyuta inayoitwa akili bandia.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Kati yao, milioni 430 wanahitaji huduma ya kuwasaidia. Wengi wao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

"Nakusikia, sikuelewi"

Ili uelewe kilichobadilika, msomaji, yafaa kwanza ujue sikio hufanya kazi vipi.

Sauti huingia sikioni kama mawimbi ya hewa, hugonga kiwambo na kutikisa vifupa vitatu vidogo. Vifupa hivyo huupeleka mtikisiko hadi sikio la ndani, ambamo mna mfereji uliojikunja kama kombe la konokono. Ndani ya mfereji huo zimepangika seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo. Hizo ndizo huugeuza mtikisiko kuwa ishara zinazopelekwa kwenye ubongo na mshipa wa fahamu.

Seli hizi zikifa hazioti tena. Huuawa na uzee, kelele za miaka mingi, magonjwa kama homa ya uti wa mgongo, na hata baadhi ya dawa, kama vile sindano za streptomycin zilizotumiwa kutibu kifua kikuu.

Mara nyingi, zinazotangulia kufa ni seli zinazopokea sauti nyembamba. Hapo ndipo konsonanti kama s, f, t na k hupotea, ilhali irabu hubaki. Hebu fikiria maneno "saa", "taa", "kaa" na "faa". Ukiondoa herufi ya kwanza, yote yanabaki "aa".

Ndiyo maana mzee atakwambia, "Nakusikia, lakini sikuelewi." Ndiyo maana pia sauti ya mjukuu humpita, ilhali ile nzito ya mwanawe wa kiume anaipata.

Kifaa kabatini

Mmarekani Miller Reese Hutchison alibuni kifaa cha kusikia cha umeme mwaka 1898. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, ugunduzi wa transista uliviwezesha vifaa hivi kuwa vidogo. Kisha kufikia mwaka 1996, vile vya dijitali, vyenye kompyuta ndogo ndani yake, vilikuwa vimeingia sokoni.

Vilipungua ukubwa na kupendeza. Hata hivyo, kazi yao kubwa ilibaki ile ile ya kukuza sauti. Mtu akikivaa kifaa chake mkahawani, alisikia rafiki yake kwa sauti kubwa, na papo hapo akasikia vijiko, viti vinavyoburutwa na mazungumzo ya meza ya pili kwa sauti kubwa vilevile. Si ajabu kwamba vifaa vingi viliishia kabatini.

Mwenye masikio mazima hana taabu hiyo. Anaweza kusimama katikati ya soko la Gikomba na bado amsikie mwuzaji mmoja kati ya mia. Mwanasayansi wa Uingereza, Colin Cherry, alichunguza kipawa hicho mwaka 1953 na kukipa jina la tatizo la karamu. Yaani, ubongo wa mtu aliye katika karamu yenye makelele huichaguaje sauti moja na kuziacha nyingine?

Wahandisi walijaribu kuwaiga wanadamu. Waliweka maikrofoni mbili ili kifaa kisikilize zaidi upande wa mbele. Aidha, walikiandikia kifaa kanuni: sauti inayovuma bila kubadilika, kama ya feni au injini, ipunguzwe. Kanuni hiyo ilisaidia kiasi. Lakini kelele ngumu kuliko zote haivumi vivyo hivyo. Ni watu wengine wanaozungumza.

Mtoto wa mama asiyesikia

Mmoja wa waliolivalia njuga tatizo hili ni Profesa DeLiang Wang wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Wang ameeleza kuwa mama yake alianza kupoteza uwezo wa kusikia wakati yeye akiwa chuoni, na kwamba hata baada ya kupata kifaa bado ilimwia vigumu kutofautisha sauti za watu wakizungumza kwa pamoja.

Badala ya kuiandikia kompyuta kanuni, Wang na wenzake waliifundisha kwa mifano. Waliisikilizisha maneno yaliyochanganywa na kelele, huku ikionyeshwa kilichokuwa maneno na kilichokuwa kelele. Ilipokosea ilirekebishwa, ikajaribu tena, na tena.

Njia yenyewe inafanana na kuchambua mchele. Mama wa nyumbani huumwaga kwenye ungo, akautazama punje kwa punje na kuondoa mawe. Kompyuta nayo huikata sauti vipande vidogo vidogo, kisha ikakiuliza kila kipande: wewe ni maneno ama kelele? Vya maneno hubakishwa, vya kelele hupunguzwa.

Mwaka 2013, Wang na mwenzake Eric Healy walitangaza matokeo ya majaribio kwa watu wenye upungufu wa kusikia. Baadhi yao, ambao walikuwa wakielewa takriban asilimia 10 ya maneno yaliyo ndani ya kelele, walipanda hadi karibu asilimia 90. Katika kelele za watu wanaozungumza, wenye upungufu waliosaidiwa na programu hiyo waliwashinda hata wanafunzi wenye masikio mazima ambao hawakusaidiwa.

Lakini kompyuta ya maabara ni kubwa, nayo haina haraka. Kifaa cha kuvaliwa sikioni huendeshwa na betri ndogo mno, na lazima kimalize kazi yake yote kwa muda usiozidi takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Kikichelewa, mvaaji atasikia mwangwi, na midomo ya anayezungumza naye haitalingana na maneno.

Milioni 12, kisha milioni 22

Ilichukua miaka kadhaa kabla ya elimu hiyo kuingia ndani ya kifaa chenyewe.

Kampuni ya Oticon ya Denmark ilitoa Oticon More mwaka 2021, kifaa ambacho mtandao wake wa akili bandia ulifunzwa kwa sauti milioni 12 kutoka mazingira halisi ya watu. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1904 na Hans Demant, aliyetaka kumsaidia mkewe Camilla, ambaye hakuwa akisikia vizuri. Kama ilivyokuwa kwa Wang, chanzo kilikuwa mtu wa nyumbani.

Mwaka 2024, kampuni ya Phonak ya Uswisi ilitoa kifaa chenye chipu ya pekee ambayo kazi yake ni kutenganisha maneno na kelele tu. Mtandao wake ulifunzwa kwa sampuli za sauti milioni 22.

Zingatia kuwa kifaa hakiendelei kukariri mazungumzo yako. Mafunzo hufanywa kiwandani kwa kompyuta kubwa. Kinachotiwa sikioni ni ule ujuzi uliopatikana, kama vile mwanafunzi anavyoingia katika chumba cha mtihani bila vitabu. Hata hivyo, kazi hiyo hula betri kwa kasi.

Kuna mengine pia. Kampuni ya Widex ya Denmark ilianzisha mwaka 2018 njia ya kumwezesha mvaaji kulinganisha sauti mbili kwenye simu yake na kuchagua inayompendeza, hadi kifaa kikajua anavyopenda. Starkey ya Marekani nayo ina vifaa vinavyoweza kutambua mvaaji akianguka, na kuwapelekea jamaa zake ujumbe kupitia simu.

Kisichowezekana bado

Msomaji, usidanganywe na matangazo ya biashara. Akili bandia haifufui seli zilizokufa. Vilevile haiwasaidii watu wote. Wako viziwi ambao vifaa vya kukuza sauti haviwafai, na lugha yao ni ya ishara. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Kasoro nyingine ni kwamba kifaa hutambua maneno, ila hakijui ni maneno ya nani unayotaka. Ukiwa kwenye matatu, utingo anayeita abiria na mkeo aliyeketi kando yako, wote wawili wanazungumza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha mwaka 2024 vipokea sauti vya kichwani ambavyo ukimtazama mtu kwa sekunde chache, huishika sauti yake na kuendelea kukusikilizisha yeye hata akitembea. Hayo yalikuwa majaribio ya maabara.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni bei. Jozi ya vifaa vya hali ya juu hugharimu maelfu ya dola, fedha ambazo familia nyingi za hapa hazina. WHO ilikadiria kuwa ni asilimia 17 pekee ya wanaohitaji vifaa vya kusikia duniani ndio wanaovitumia.

Nchini Marekani, sheria ilibadilishwa mwaka 2022 ili watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani waweze kununua vifaa bila cheti cha daktari. Mnamo Septemba 2024, mamlaka ya dawa ya huko iliidhinisha programu inayoviwezesha visikizi vya Apple AirPods Pro 2 kutumiwa kama kifaa cha kusikia kwa watu kama hao. Huenda njia ya vifaa vya bei nafuu ikapitia kwenye simu tunazobeba mifukoni.

Usingoje

Kuna sababu ya kutolichukulia jambo hili kama la anasa. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2023 katika jarida la Lancet uliwafuatilia wazee wapatao 1,000 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Kwa wote kwa jumla, vifaa vya kusikia havikuleta tofauti katika kumbukumbu na fikra. Lakini miongoni mwa waliokuwa katika hatari kubwa ya kudhoofika akili, vilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 48.

Kwa hivyo, ukiona mzee wako anajitenga, mpeleke hospitalini akapimwe masikio kabla hujatafuta kifaa chochote. Wakati mwingine tatizo huwa ni nta iliyojaa sikioni, na daktari huiondoa. Usimwekee mafuta wala kumchokoa kwa kijiti. Akishapata kifaa, mvumilie. Ubongo uliozoea ukimya huhitaji wiki kadhaa kuzoea sauti upya.

Wewe mwanafunzi, seli zako bado unazo, basi zitunze. WHO inashauri mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Jinsi sauti inavyozidi kupanda, ndivyo muda unavyopaswa kupungua. Usipandishe simu kupita asilimia 60 ya uwezo wake, na ukipanda matatu yenye muziki wa kutikisa vioo, keti mbali na spika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa sikio ni ghali.

Yapo pia mambo ambayo hayahitaji chipu wala dola. Mzee akiwa nanyi sebuleni, zima runinga. Keti mbele yake mahali penye mwanga ili akuone midomo. Mguse begani kabla ya kuanza kusema, kisha sema polepole bila kufoka. Asipoelewa, usimwambie "achana nayo". Rudia kwa maneno mengine mpaka aelewe.