Vifo Visivyoandikwa Zahanati

Mageuzi ya huduma za afya huanzia wizarani, lakini matokeo yake hupimwa kijijini. Je, yapimwe kwa kipimo gani? Wengi wangekimbilia daftari la zahanati. Daftari hilo humtaja yule aliyefika tu. Mtoto aliyefia nyumbani hayumo.

Kasoro hiyo ilikabiliwa na mradi ulioendeshwa tangu miaka ya 1990 na Wizara ya Afya ya Tanzania, pamoja na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wadadisi walizirudia kaya zilezile, wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Penye msiba waliwauliza jamaa dalili za marehemu: homa, degedege, kuhara. Madaktari wakakadiria sababu ya kifo. (Si kazi nyepesi, kwani homa haina chanzo kimoja.)

Hesabu hizo zikalinganishwa na bajeti. Mwaka 1996 huko Morogoro malaria ilichukua yapata asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilitengewa asilimia 5 tu ya fedha. Halmashauri zilipopewa mamlaka ya kupanga na nyongeza ndogo ya fedha, ziligeuza mafungu. Vifo vya watoto vikapungua sana.

Hata hivyo, mwanafunzi wa sayansi asiharakishe kuhukumu. Mvua, mavuno na vyandarua navyo huathiri vifo. Hapo hutakiwa wilaya nyingine ya kulinganishia, iliyopata mvua ileile na vyandarua vilevile, ila haikupewa mamlaka hayo mapya.