Dungusi au Euforbia?

Katika nyumba nyingi na kwenye varanda za shule hupandwa vyunguni mimea minene yenye miiba. Aghalabu yote huitwa dungusi. Jina hilo moja hukusanya mimea ya jamii mbalimbali, na kutoitofautisha kwaweza kumletea mtu madhara ya macho.

Mimea hiyo huhifadhi maji mwilini ili kuvumilia kiangazi. Mshubiri na mkonge huyahifadhi katika majani. Dungusi na euforbia nyingi huyahifadhi katika shina, ambalo ni la kijani na ndilo linalotengeneza chakula mahali pa majani. Hata hivyo, kufanana huko si udugu. Asili ya dungusi ni bara la Amerika. Spishi moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoning'inia juu ya miti ya misituni, huota yenyewe barani Afrika pia. Euforbia za miiba zilizo nyingi ni za Afrika, na jamaa zake ni muhogo na mbarika. Ukame uliipa mimea ya mabara hayo mawili shida moja, nayo, kila mmoja kwa njia yake, ikapata umbo linalofanana.

Basi itambuliweje? Alama ya hakika ni areoli. Hivi ni vituta vidogo vilivyo juu ya shina la dungusi, mara nyingi vyenye manyoya laini kama pamba. Miiba, matawi na maua huchipuka humo. Hakuna jamii nyingine ya mimea yenye areoli. Miiba ya euforbia hutoka kwenye ngozi ya shina bila kituta cha manyoya, na mara nyingi huwa miwili miwili. Maua nayo hushuhudia: ya dungusi huwa na petali na stameni nyingi, hali ya euforbia ni madogo mno, yasiyo na petali.

Tofauti nyingine ni utomvu. Euforbia ikijeruhiwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, ambao huunguza ngozi na, ukiingia jichoni, waweza kuleta upofu. Dungusi nyingi hutoa majimaji yasiyo na rangi, ingawa baadhi ya zile za jenasi ya Mammillaria zina utomvu mweupe. Kwa hiyo haifai kuvunja shina ili kupima. Aliyeingiwa na utomvu jichoni aoshwe mara moja kwa maji safi mengi, kisha apelekwe hospitali.

Utambuzi huu una faida nje ya darasa pia. Huko Laikipia, Kenya, dungusi ya kigeni, Opuntia stricta, imevamia malisho, na miiba yake huumiza mifugo. Mwaka 2014 aliletwa mdudu mdogo, Dactylopius opuntiae, anayeifyonza mpaka ikadhoofika. Mdudu huyo huishi kwa dungusi peke yake. Euforbia iliyo jirani haigusi, hata ikifanana nayo kwa umbo.

Mwalimu aweza kuweka vyungu vitatu au vinne mezani na kuwapa wanafunzi lenzi ya mkono. Kila mmoja atafute areoli kwa macho, bila kukata wala kuvunja, kisha aandike jamii ya mmea pamoja na ushahidi aliouona.