Tovuti Yako Itajwe na Nani?

Paukwa! Pakawa!

Wanangu, kisa cha leo si cha sungura na fisi. Ni cha vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani: Larry Page na Sergey Brin. Mwaka 1996 walikuwa wakijiuliza, katika kurasa zote zilizojaa kwenye intaneti, utajuaje upi wa kuaminiwa?

Wakatazama desturi ya wasomi. Mtaalamu akiandika makala, huwataja wenzake waliomtangulia, na anayetajwa na wengi huheshimiwa. Kumbe kurasa za intaneti nazo hutajana! Kila kiungo unachobofya kikakupeleka tovuti nyingine ni ukurasa mmoja kuutaja mwingine. Wakatunga hesabu yao, PageRank: ukitajwa na ukurasa ambao nao unatajwa sana, unapanda zaidi. Mwaka 1998 wakaanzisha Google.

Penye faida hapakosi wajanja. Wakatokea wauza viungo: toa fedha, utajwe kila mahali. Februari 2011 gazeti la The New York Times likaeleza habari za J. C. Penney, kampuni kubwa ya maduka. Ukitafuta magauni au matandiko, yenyewe ilikuwa juu. Gazeti likakuta viungo vyake kwenye kurasa zaidi ya 2,000, nyingine za magonjwa, nyingine za uvuvi, hata za vichekesho! Kampuni ikasema haikujua viungo hivyo vimewekwa. Lakini Google ilikwisha kuarifiwa, ikaishusha. Saa moja jioni, kwa waliotafuta mabegi ya safari ya Samsonite, duka lilikuwa la 1. Saa tatu usiku lilikuwa la 71.

Sasa wewe, tuseme umeanzisha tovuti ya kasa wa baharini. Utaomba viungo wapi? Anza na wanaojali jambo lako: kikundi kinacholinda fukwe wanakotaga kasa, mwalimu wa bayolojia, gazeti la mkoa wenu, makumbusho yenye habari za bahari. Kila mahali jiulize mambo matatu. Je, ukurasa huu unahusu jambo langu? Je, kuna watu wanaousoma kweli? Na hata kama Google isingekuwapo, ningefurahi wasomaji wake waje kwangu? Jibu likiwa hapana, pita.

Ila kabla ya kubisha hodi kwa mtu, uwe na kitu cha kumwonyesha. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Eleza vizuri jinsi kasa anavyochimba shimo na kutaga usiku. Weka picha ulizopiga mwenyewe bila kumsumbua. Kisha mwandikie mwalimu yule kwa adabu, umwambie ni ukurasa gani utawafaa wanafunzi wake.

Akiuweka, kiungo hicho kimoja kinapita elfu vya kununuliwa, kwa kuwa kitakuletea watoto wanaotaka kujua habari za kasa, na ni kwa ajili yao uliandika.