Amplifaya mpya: je, sikio litatambua tofauti?

Je, amplifaya ya bei ghali huufanya muziki usikike vizuri zaidi nyumbani? Swali hili huwakabili wengi wetu tuishio ughaibuni, ambako madukani vishawishi ni vingi, na fedha zina kazi nyingine, ikiwa ni pamoja na kuwasaidia jamaa nyumbani.

Mimi mwenyewe, hapa London, niliwahi kutumia karibu mshahara wa mwezi mzima kununua amplifaya ya wati 100 badala ya ile ya wati 50 niliyokuwa nayo. Nilitarajia sauti maradufu, lakini nilipoiwasha, tofauti ilikuwa ndogo mno. Kosa halikuwa la muuzaji, bali la hesabu yangu.

Wati na sikio

Kuongeza nguvu kutoka wati 50 hadi 100 huongeza sauti kwa desibeli 3 tu. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa maradufu, yahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi: wati 500.

Isitoshe, spika nyingi za nyumbani hutoa kati ya desibeli 85 na 90 kwa wati 1 tu, zikipimwa kwa umbali wa mita 1. Katika sebule ya kawaida, taarabu ya jioni hutumia wati chache. Nguvu inayobaki ni akiba ya vishindo vya ghafla, kama vile vya ngoma.

Jaribio la mwaka 1978

Mnamo mwaka 1978, kampuni ya Quad ya Uingereza, iliyoasisiwa na Peter Walker, ililinganisha amplifaya zake tatu: Quad II ya valvu, iliyobuniwa miaka ya 1950, pamoja na 303 na 405 za transista. Wasikilizaji wenye uzoefu hawakuambiwa ni ipi inayopigwa. Majibu yao hayakuwa bora kuliko ya kubahatisha.

Hii haina maana kwamba amplifaya zote ni sawa. Maana yake ni kwamba zilizotengenezwa vyema, zisipolazimishwa kupita uwezo wake, hukaribiana mno.

Namna ya kulinganisha

Mtego mkubwa ni ukubwa wa sauti. Amplifaya inayolia zaidi, hata kwa kiasi kidogo, hudhaniwa kuwa bora. Kwa hiyo piga mlio mmoja usiobadilika, kisha pima volti kwenye vituo vya spika, ukiangalia nyaya zisigusane. Rekebisha hadi tofauti isizidi asilimia 1. Baadaye, mwenzako abadilishe amplifaya bila wewe kuona, nawe usikilize wimbo uujuao vyema, wenye udi, kanuni na fidla. Rudia mara nyingi, ukiandika majibu yako.

Lini ubadilishe?

Zipo sababu za kweli: chumba kikubwa, spika zinazohitaji nguvu nyingi, au zenye ukinzani wa omu 4 au chini ya hapo, ambazo baadhi ya amplifaya hushindwa kuziendesha. Sauti ikianza kukwaruza unapoiongeza, amplifaya imefikia kikomo, na hali hiyo yaweza kuunguza spika ndogo za sauti nyembamba.

Amplifaya kuukuu inayonguruma huenda ina kapasita zilizochakaa. Mpelekee fundi, kwani kapasita huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya chombo kuzimwa. Ukarabati mara nyingi ni nafuu kuliko kununua kipya.

Kama hakuna dalili hizo, anza na spika. Zisogeze mbali kidogo na ukuta, tandika zulia, tundika mapazia, kisha sikiliza tena. Na iwapo bado unaitamani ile amplifaya ya dukani, muulize muuzaji, kabla ya kulipa, kama utaruhusiwa kuirejesha.