Uyoga pori kwa anayeanza: shika aina mbili tu, nyingine ziache zilipo



Mvua zikikolea hapa Miburani, simu yangu huanza kupokea picha za uyoga. Mmoja ameuona chini ya mnazi, mwingine kwenye kisiki cha mwembe, mwingine pembeni ya kichuguu. Swali ni lile lile: "Bwana shamba, huu unaliwa?" Jibu langu linawaudhi wengi. Kwa picha sijui, na wewe usimwamini mtu anayekujibu kwa picha.

Zamani jambo hili lilikuwa la mboga ya nyumbani tu. Siku hizi vijana wanauliza kwa sababu wanataka kuuza. Ndiyo maana leo nataka tulizungumze taratibu, tukianza na kisa cha ndoo moja.

Ndoo iliyomwagwa

Masika moja alinijia kijana ninayemfahamu vizuri, analima matikiti na mboga za majani. Amefunga ndoo ya lita 20 nyuma ya pikipiki, imejaa uyoga. "Bwana shamba, nimepata dili. Mpishi wa hoteli kule upande wa Utende kaniambia nipeleke wote niliopata."

Nikamwambia tuumwage kwanza kwenye mkeka tuutazame. Hakupenda, alikuwa na haraka. Lakini tukaumwaga.

Sehemu kubwa ilikuwa uyoga wa mchwa, mzuri kabisa, aliouchuma kwenye kichuguu cha shamba la bibi yake. Katikati yake vikatokea vichwa vinne vikubwa, vyeupe, vyenye magamba ya kahawia juu. Nikauliza hivi vimetoka wapi. Akasema aliviona njiani, kwenye majani wanapochungia ng'ombe, akaona ajazie ndoo. Nikakigeuza kimoja. Chini ya kofia, rangi ilikuwa imeanza kuwa ya kijani.

Ndoo yote tukaifukia. Alikasirika, na nilimwelewa, maana ile ilikuwa hela. Lakini uyoga ulishavunjika na kuchanganyika, na kipande kidogo hakina jina. Jioni tukapita kwa bibi yake. Shikamoo, marahaba, tukaeleza. Bibi akatikisa kichwa: "Mwanangu, mimi nilikuonyesha kichuguu. Majanini nilikupeleka lini?"

Somo zima la leo liko kwenye maneno ya bibi. Anayejua uyoga anajua kwanza *mahali* pake, kisha sura yake.

Aina ya kwanza: uyoga wa mchwa

Kitaalamu jamii hii inaitwa Termitomyces. Mchwa wa vichuguu ni wakulima kama sisi. Wanakusanya majani na miti mikavu, wanaitafuna, wanaijengea kitu kama sega ndani ya kichuguu, na juu ya sega hilo wanaotesha kuvu. Kuvu ndiyo inayolainisha chakula chao. Kilimo hiki wamekifanya kwa takribani miaka milioni 30, bila ruzuku ya mbolea. Mvua zikinyesha, kuvu hiyo inapandisha uyoga hadi juu ya ardhi, na hapo ndipo sisi tunapovuna jasho la mchwa.

Ukubwa wake unatofautiana sana. Zambia kuna mmoja wa jamii hii ambao kofia yake inaweza kukaribia mita nzima. Kuna na wadogo sana wanaotoka kwa mamia kama punje zilizomwagwa. Anayeanza aachane na hao wadogo, ashike mkubwa wa kichuguu. Dalili zake ni hizi, na lazima zikamilike zote:

1. Umeota juu ya kichuguu au karibu yake.
2. Katikati ya kofia kuna kichongo, kama ncha ya pia.
3. Chini ya kofia kuna mikunjo myembamba kama matamvua ya samaki. Ni myeupe, kisha inaelekea rangi ya waridi uyoga unapokomaa. Haigeuki kijani hata siku moja.
4. Shina ni gumu kidogo, halina kikombe wala mfuko chini yake.
5. Shina linaendelea ardhini kama mzizi mrefu, na ukiufuata unakwenda hadi kwenye sega la mchwa.

Dalili ya tano ndiyo hakimu. Mara ya kwanza kabisa, chimba mmoja taratibu kwa panga au kijiti, ufuate mzizi hadi mwisho. Usipoukuta unaelekea kwa mchwa, uache. Ukishathibitisha kichuguu hicho, kiandike kwenye daftari: mahali, tarehe, mvua ilianza lini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mara nyingi kichuguu kile kile kitatoa tena mwakani, mradi hukukibomoa.

Kuna jambo moja zito. Wengi wetu tunamwagia vichuguu dawa ili mchwa wasile miche ya minazi. Kichuguu kilichomwagiwa dawa si cha kuchuma uyoga. Muulize mwenye shamba kabla hujainama.

Aina ya pili: masikio ya mti

Hawa wanaitwa Auricularia, na Wachina wanawapenda sana. Wanaota kwenye miti iliyokufa: magogo, visiki, matawi makavu. Hawana matamvua kabisa. Ni utando mwembamba wa kahawia, umekunjika kama sikio la mtu, laini na unaovutika kama mpira. Jua likiwaka wanakauka na kuwa wagumu, mvua ikirudi wanalainika tena.

Kwa anayeanza ni rahisi, kwa sababu hawafanani na uyoga wa kofia na shina. Tahadhari ni mbili. Usichume kwenye mikorosho iliyopuliziwa viuatilifu. Na ukiloweka masikio makavu, yapike siku hiyo hiyo. Ukiyaacha kwenye maji siku nzima kwenye joto letu hili, bakteria wanaweza kutengeneza sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Wawili usiowagusa

*Wa kwanza ni ule wa majanini*, uliomwagisha ndoo yetu. Unaitwa Chlorophyllum molybdites. Unapenda nyasi, malisho na bustani, mara nyingine umejipanga duara. Kofia yake inaweza kufika sentimita 30, nyeupe yenye magamba ya kahawia. Shina lina pete. Ukiwa mchanga, matamvua yake ni meupe, na hapo ndipo unapowapata watu. Baadaye yanageuka kijani. Aliyekula huanza kutapika na kuharisha vibaya ndani ya saa moja hadi tatu. Kwa mtoto au mzee, kuishiwa maji kwa namna hiyo kunaweza kuua.

*Wa pili ni wote wenye kikombe*, yaani mfuko mweupe chini ya shina, mara nyingi umefichwa na udongo. Humo ndimo lilimo kundi la Amanita. Mwovu wao mkuu, Amanita phalloides, ameshaonekana Tanzania akiota chini ya miti iliyoletwa kutoka nje. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Ubaya wake mwingine ni ukimya. Mtu anakula, analala vizuri, maumivu yanaanza baada ya saa 6 hadi 24. Kisha anapata nafuu ya uongo, anadhani amepona, huku ini linaharibika. Najua kuna uyoga wenye kikombe unaoliwa, na Asia wanaulima kwenye majani ya mpunga. Lakini kuna watu waliohamia Marekani kutoka kusini mashariki mwa Asia waliodhani wameuona huo wa kwao, wakachuma Amanita na kuila. Kama mzoefu anakosea, wewe wa msimu wa kwanza ukiona kikombe, nenda zako.

Ndiyo maana uyoga usioujua usiukate juu. Uchimbue mzima, uone chini kuna nini.

Karatasi haidanganyi

Usiku ule kijana alibaki na kichwa kimoja cha majanini na kimoja cha kichuguu. Tukafanya kipimo ambacho hata wewe unakiweza. Kata shina, laza kofia kwenye karatasi nyeupe, matamvua yakitazama chini. Funika kwa bakuli, acha hadi asubuhi. Vumbi la mbegu za uyoga litaanguka kwenye karatasi na kuchora rangi yake.

Asubuhi, ule wa kichuguu ulikuwa umeacha rangi ya waridi hafifu. Ule wa majanini uliacha kijani. Kijana aliitazama ile karatasi muda mrefu, hakusema kitu.

Ila elewa vizuri: kipimo hiki kinakusaidia *kukataa*, peke yake hakitoshi kukubali. Uko uyoga wenye sumu unaotoa vumbi la waridi pia. Kama dalili tano hazijakamilika, karatasi haikuokoi.

Mambo ya kuambiana yasiyo ya kweli

Nimeyasikia yote. Eti ukipikwa na kitunguu swaumu au sarafu ya fedha na visigeuke rangi, ni salama. Eti ulioliwa na konokono au kima hauna sumu. Eti mweupe wote unaliwa. Eti ukichemsha na kumwaga maji ya kwanza, umemaliza kazi. Hakuna hata moja la kutegemea. Mnyama anaweza kula kinachokuua wewe.

Na wewe uliyetoka bara, kwa mfano Iringa au Tabora, ujuzi wa kwenu ni mkubwa lakini usiuhamishe mzima mzima. Uyoga mwingi wa kule unaishi na mizizi ya miti ya miombo. Hapa kwenye minazi na mikorosho utakutana na wengine wenye sura inayofanana. Mwaka 2003 Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Mtanzania mwenzetu Leonard Mwasumbi walichapisha kitabu kinachoeleza uyoga wa Tanzania, unaoliwa na wenye madhara. Ukipata nafasi, kisome. Lakini mwalimu wa kwanza ni mama au bibi aliyechuma kichuguu kile kile miaka yote. Nenda naye shambani, na umwache yeye achague.

Kuchuma na kupika

- Beba kikapu, usitumie mfuko wa nailoni. Uyoga ukikosa hewa unaoza haraka.
- Kila aina na chombo chake. Usichanganye hata kwa dakika tano.
- Acha iliyozeeka na yenye funza.
- Usichume jalalani wala kando ya barabara.
- Pika uive vizuri, usile mbichi. Mara ya kwanza kula kidogo, na bakiza mmoja usiopikwa.

Mtu akiumwa baada ya kula uyoga, usipoteze muda na maziwa wala mafuta ya nazi. Mpeleke hospitali Kilindoni, mbebe na ule uyoga uliobaki, hata kama ni makombo ya sufuria. Sema mlikula saa ngapi. Hata akipata nafuu, mpelekeni. Tuko kisiwani, jamani. Kwenda bara ni boti au ndege, na saa moja uliyoipoteza nyumbani hairudi.

Sasa biashara

Nitasema ninavyoona mimi. Uyoga pori ni wa nyumbani kwako kwanza. Misimu miwili ya mwanzo usiuze kabisa. Ukila umekosea, umejidhuru wewe. Ukimuuzia mpishi umekosea, umelaza watu hospitali, na jina la mazao ya Mafia yote limechafuka.

Tena uyoga wa mchwa hauwezi kuulima kibiashara bila mchwa mwenyewe. Unakuja ukitaka wenyewe, na hoteli inataka mzigo kila wiki. Ukitaka hela ya uhakika, lima uyoga mamama. Unaota kwenye majani makavu ya mpunga na ya migomba, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshauotesha hata kwenye masalia ya mkonge. Unakatakata, unaloweka, unachemsha kuua vimelea, unapoza, unachanganya na mbegu kwenye mifuko, unaweka kwenye chumba chenye giza kwa wiki mbili hadi tatu mpaka mifuko iwe myeupe. Kisha unaruhusu mwanga na hewa kidogo na kunyunyiza maji. Kumbuka karibu asilimia 90 ya uyoga ni maji. Kilo 10 mbichi zitakupa kama kilo moja kavu, hivyo piga hesabu kabla ya kupanga bei. Na ukitaka kufungasha, usalama wa chakula uko chini ya TBS tangu mwaka 2019. Waone mapema.

Yule kijana leo ana banda dogo la mamama nyuma ya nyumba. Mpishi anachukua. Kichuguu cha bibi bado wanakichuma masika, wanakula wenyewe, na mwaka huu walinipelekea bakuli, umeungwa kwa nazi. Ile karatasi ya kijani ameigongelea misumari mlangoni mwa banda. Anayeingia akiuliza ni nini, anamwambia: "Hiyo ndiyo ndoo yangu ya kwanza."

Shamba jema. Ukiwa na shaka, uletee ofisini mzima, na udongo wake. Usitume picha.