JICHO LA USIKU NA MKAZO WA BARIDI

Mlinzi asimamaye chini ya paa la mabati husikia bati likilia jua linapokwisha kutua. Sababu yake ni nyepesi: bati na mbao vimefungwa pamoja kwa misumari, lakini katika kupoa havisinyai sawasawa. Sheria hiyo hiyo ndiyo itawalayo ndani ya darubini ya joto, chombo kimwonyeshacho askari mtu aliyejificha gizani kwa miale ya joto la mwili wake.

Jicho la baadhi ya darubini za namna hiyo ni tabaka la fuwele ya zebaki, kadimiamu na teluriamu, mchanganyiko uliotangazwa na wataalamu wa Malvern, Uingereza, mwaka 1959. Fuwele hiyo ni nusu-kipitishi: haipitishi umeme kwa wepesi kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama kioo. Unene wa tabaka ni kama mikroni 10, ilhali unywele wa binadamu ni mikroni 70 hivi. Miale ya joto ikiligusa, umeme huamka ndani yake. Lakini joto la fuwele yenyewe nalo huamsha umeme na kuifunika picha. Kwa hiyo jicho hupozwa hadi karibu digrii 196 chini ya sifuri.

Hapo ndipo taabu ianzapo. Tabaka limeunganishwa na kipande cha silikoni kikusanyacho picha. Katika joto la kawaida, kila digrii moja ishukapo, mita moja ya fuwele husinyaa mikroni 5 hivi, na ya silikoni 2.6 tu. Joto likishuka zaidi ya digrii 200, kila kimoja humvuta mwenziwe, na mkazo huzaliwa.

Wataalamu wameweka kati yao vinundu vya indiamu, madini laini yakubaliyo kuvutwa hata katika baridi kali. Tena hulipunguza lile bamba ambalo tabaka lilioteshwa juu yake, ili tabaka lililobaki liifuate silikoni bila ukaidi. Hata hivyo, kupozwa na kupata joto mara nyingi huvichosha vinundu. Kikikatika kimoja, nukta moja ya picha hufa.

Kwa askari wa doria jambo hili si la maabara tu. Doa lionekanalo katika kioo huweza kuwa mtu, au nukta iliyokufa. Geuza darubini polepole: doa likibaki mahali pale pale pa kioo, hilo ni kasoro ya jicho, likihama pamoja na miti na mawe, liko uwanjani, nawe chukua hadhari.

Zipo pia darubini zisizopozwa. Lakini aliyekabidhiwa ipozwayo asiiwashe na kuizima kwa mchezo, kwani kila kupoa ni mvuto mmoja zaidi juu ya vinundu vile. Chombo kitunzwe leo, ili usiku wa hatari kisituhadae.